Risala Isiyo na Mwenyewe

Watu wakimsifu Mwalimu mbele yangu, mimi hunyamaza, nao hudhani ni heshima. Si heshima. Naogopa nikikifungua kinywa hakitafungika. Nimemsikia akisifiwa Shella, hapo Malindi alipokuwa akikaa, na nimemsikia akisifiwa hapa Kilifi ninapokaa mimi, na kila mara wanaomsifu wakifika kwenye ile risala, kile kitabu kinachouliza kitendo cha mtu huwa ni cha nani, huinamisha uso. Risala ile si yake. Ni yangu, neno kwa neno, naye alilijua hilo siku zote. Kwa hiyo leo nitamsema, mazuri yake na maovu yake, na atakayenuna anune.

Ukoo wake siugusi. Wako watu Malindi wanaoweza kukuhesabia babu zake mpaka wa kumi na mbili, na ukiwauliza alifundisha nini wanakuna kichwa. Mimi nasema niliyoyaona, kwa kuwa nilikaa kwenye mkeka wake miaka sita, kila siku baada ya alasiri nikisha kuweka sindano chini. Nilikuwa fundi wa kushona kanzu. Mama yangu alikuwa mtumwa kwenye shamba la mtama nyuma ya mji, akaachwa huru mimi nikiwa mtoto wa kutambaa, bwana wake alipoona mauti yanamjia akaanza kuuogopa moto. Baba sikumjua. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Mwalimu alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kushinda kifua kilichoitoa. Muda wote wa darsa alikuwa akichonga kalamu za utete, moja baada ya nyingine, hata kama hana la kuandika, na ukiinuka kwenye mkeka ule kanzu yako imejaa vipande. Akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Kahawa aliinywa amesimama. Neno "labda" lilimkera. Ukilisema alikutazama tu mpaka ulimeze. Na kusikiliza alijua, hilo nakiri, sijamwona mwingine. Mtu akisema upuuzi, Mwalimu aliinamisha kichwa akausikiliza upuuzi wenyewe mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, na msemaji angetamani ardhi ipasuke aingie.

Nilimwendea mwaka ule serikali ya Waingereza ilipotangaza kwamba mahakama hazitamtambua tena mtu yeyote kuwa mtumwa wa mtu. Mji ulijaa manung'uniko ya mabwana. Siku moja nampima mabega bwana mmoja, aliyelirithi lile shamba la mtama, nimeshika uzi wa kupimia shingoni mwake, naye anamlalamikia mwenziwe: "Shamba lile nimelilima miaka ishirini. Leo nani atalilima?"

Nimelilima, ati. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto wa siku arubaini. Waliolima shamba lile niliwajua kwa majina, na mama yangu alikuwa mmoja wao, maana hata alipoachwa huru aliendelea kulilima kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mgongo wake niliukanda mimi kwa mafuta ya nazi. Nikamaliza kupima, nikamwambia kanzu itakuwa tayari Ijumaa. Lakini swali halikunitoka: nani alilima?

Basi nikaenda kwa Mwalimu nikamwambia nataka kuandika kitabu cha falsafa. Mtu mwingine yeyote mjini angecheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchonga kalamu yake, akaniuliza, "Una maswali mangapi?"

"Kumi na moja, Mwalimu."

"Kaondoe kumi, kisha uje."

Nilidhani ni mzaha. Nikarudi baada ya wiki na maswali matatu, akanirudisha. Nikarudi na mawili, nikamweleza kwamba hayo mawili ni ndugu, hayaachani. Akasema, "Ndugu wawili wana vitanda viwili. Kitabu cha kwanza kina swali moja, na anayekisoma alijue kabla hajageuza ukurasa. Kingine utaandika ukiwa hai." Mara ya nne nikaja na moja: kitendo ni cha nani, cha aliyekitenda au cha aliyekiamuru? Akaweka kisu chini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona ameweka kisu chini, na jinsi nilivyofurahi siku ile bado naona haya nikikumbuka.

Alikuwa na utaratibu wake wa kufundisha kuandika, na sijausikia pengine. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa karatasi. Uliandika kwenye ubao wa mbao, ule wanaoandikia watoto wa chuo cha Kurani, kwa wino wa masizi, ukajaza pande zote mbili. Kisha ukaenda kisimani ukauosha. Mpaka herufi ya mwisho. Kesho yake ukaja, ukakaa mbele yake, ukasema kwa kinywa uliyoyaandika jana. "Yaliyokutoka yalikuwa mapambo," alisema. "Yaliyobaki ndiyo hoja. Hayo yaandike tena." Ukaandika, ukaosha, ukasema, na hayo yaliyobaki mara ya tatu ndiyo yaliyopanda kwenye karatasi. Niliyalaani maji ya kisima kile. Sentensi nilizozipenda, zilizonikesha, nilizitazama zikiteremka nyeusi kwenye mchanga. Lakini alikuwa na haki. Nilichokuwa nacho baada ya kuosha mara tatu kilikuwa kidogo, na kilikuwa kigumu, na hakuna aliyeweza kukivunja.

Kiarabu alinikataza. Nilikuwa nimesoma kidogo, na nikataka kuonyesha. Akasema niandike Kiswahili, kwa herufi zetu hizi hizi, kwa sababu mtu akiandika kwa lugha ya kuazima huazima na mawazo. "Neno usiloweza kulisema jikoni kwa mama yako usilitie." Na neno nililolichagua nilifungwa nalo. Nikisema "hiari" ukurasa wa kwanza, basi hiari ile ile, kwa maana ile ile, mpaka ukurasa wa mwisho. Siku moja nilitumia "radhi" mahali pa "hiari" kwa ajili ya utamu tu. Aliniuliza kwa upole, "Hivi ni kitu kimoja?" Nikasema labda. Akanitazama. Nikalimeza.

Yeye mwenyewe akisalimia watu alisalimia kwa maneno ya kuzunguka nusu saa, na barua zake kwa wakubwa wa Lamu zilikuwa na mapambo tele. Nilipomkumbusha alifunika mdomo kwa kilemba. "Barua ni nguo ya sikukuu," alisema. "Kitabu ni nguo ya kazi." Jawabu zuri, nami nilikuwa fundi, nikalipokea. Siku hizi nalitazama kwa jicho lingine. Mtu yule alikuwa na uso wa kufundishia na uso wa kukutana na wakubwa, na mimi nilidhani ni mmoja.

Somo lililoniuma kuliko yote ni la mpinzani. Alisema, "Kwenye mlango wa kwanza wa kitabu huandiki maneno yako. Unaandika ya anayekupinga, tena uyaandike vizuri hata yeye akisoma aseme: naam, ndivyo nisemavyo, wala sijawahi kulisema vizuri hivi." Mpinzani wangu alikuwa nani? Alikuwa yule bwana wa mabega. Nilitakiwa kumtetea. Nilitakiwa kukaa na ubao magotini na kueleza kwa nini mwenye kuamuru ndiye mwenye kitendo: kwamba mkono haujui uendako, kwamba jembe nalo linalima na hakuna anayeliita mkulima, kwamba jemadari ndiye ashindaye vita hata kama hakuchomoa upanga. Niliandika. Nikaosha, nikaandika. Nikayasema kwa sauti nyumbani ili yasinitoke, na mama yangu alikuwa nyuma ya pazia anapeta mchele.

Jembe nalo linalima na hakuna anayeliita mkulima. Alisikia hilo kutoka kinywani mwa mwanawe. Ungo ukanyamaza. Kwa siku tatu mama hakusema nami. Aliniwekea chakula, akaondoka. Siku ya nne akaniambia, "Kama una la kuwajibu watu hao, lijibu upesi, maana mimi si mtu wa kuishi milele." Nilipomsimulia Mwalimu habari hiyo, akafurahi, akasema hiyo ni dalili nimeandika vizuri. Akafurahi! Nilimchukia siku ile, na nikarudi kesho yake, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kujifunza.

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: kitendo ni cha mwenye mkono uliotenda, basi. Nililijenga siku arubaini. Nilipokuwa tayari Mwalimu hakuketi nami kwenye mkeka. Alinishika mkono akanipeleka sokoni, kwa mwanamke wa Kigiriama aliyekuja kutoka bara kuuza muhogo, mwanamke mzima, mwenye shanga shingoni na kikapu kikubwa. Wakasalimiana. Mwalimu akamwambia, "Mama, huyu fundi anasema kitendo ni cha mwenye mkono. Wewe waonaje?"

Mwanamke akaniangalia juu mpaka chini. Akauliza, "Nikimtuma mwanangu akaibe mahindi ya jirani, jirani aje kwa nani? Kwa mtoto?"

Akaongeza, "Na mtoto naye akikua, aseme hakuiba? Alifanya nini basi, alilala?"

Siku arubaini zikaporomoka pale kwenye vumbi. Mwalimu alinunua kikapu kizima kwa furaha, nami ndiye niliyekibeba, na njia nzima nikisaga meno. "Huyo amekuokoa," akasema. "Ungeandika jambo ambalo muuza muhogo angelipindua, na wewe umeshalifunga kwenye jalada." Nikaanza upya. Kutokana na yule mama ndipo ukaja mlango wa tatu, ambao watu huusifu hasa: kwamba anayeamuru ana kitendo chake, nacho ni kuamuru, na anayetenda ana chake, na kimoja hakimezi kingine, kwamba anayeweza kusema akanyamaza, kunyamaza kwake ni kitendo, na kwamba kumnyima mtu kitendo chake ni kumdhulumu, kiwe kizuri au kiwe kibaya, kwa sababu asiye na makosa yake mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu. Mabwana hawakutuibia kazi zetu peke yake. Hata dhambi zetu walizibeba, wakalipa faini zetu kama mtu anayelipia mbuzi aliyekula mboga za watu. Mlango huo ulipotoka kwenye maji mara ya tatu bila kupungua hata neno, Mwalimu aliniita "bwana fundi" badala ya "mwanangu". Nikaenda nyumbani nikamweleza mama, mama akasema, "Hilo la mbuzi ni kweli."

Nitasema na hili, ili msidhani alikuwa mwongo. Kwenye mambo madogo sijaona mtu mkweli kama yeye. Alimwambia Muhindi muuza karatasi kwamba mgeni wake wa Lamu alifika Jumanne. Baadaye akakumbuka ilikuwa Jumatano. Akavaa viatu, akatoka Shella kwenye jua la adhuhuri, akaenda mpaka dukani kumwambia, "Nilikosea, ilikuwa Jumatano." Muhindi akasema, "Mwalimu, mimi hata sikuwa nasikiliza." Mji mzima ulikisimulia kisa hicho kwa mapenzi. Na mimi nilikisimulia. Leo kikisimuliwa natoka barazani. Kwa ajili ya Jumatano maskini alitembea nusu ya mji, na kwa ajili yangu hakuweza kusema sentensi moja akiwa amekaa.

Ilikuwa hivi. Kwenye darsa lake palikuwa na desturi ya jina. Kila kitabu huanza kwa "Anasema", kisha jina la mwandishi. Kwa Mwalimu, mwanafunzi aliyeandika kitabu cha kwanza hakuliandika jina lake. Aliacha nafasi ya shibiri moja baada ya "Anasema", akampelekea Mwalimu nakala safi, na Mwalimu akishakubali huchukua kalamu yake akalitia jina la mwanafunzi kwa mkono wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yetu. Wenzangu wawili walitiliwa majina kwa vitabu ambavyo sitavisema vilikuwaje. Kimoja kilikuwa juu ya adabu za kula.

Nikaiacha nafasi. Nikampelekea. Akaisoma siku tatu, akaniita, akaniambia ni kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiweza, na machoni mwake palikuwa na maji. Kisha akachovya kalamu, akaniuliza, "Nikuandike bin nani?"

"Niandike jina langu na la mama yangu."

"Hakuna kitabu kinachoanza kwa jina la mama."

"Basi kitakuwa hiki."

Akasema ingefaa aandike jina langu, kisha "huru wa nyumba ya fulani," amtaje yule bwana aliyemwacha mama huru, ndivyo watu wa asili yangu walivyoandikwa siku zote, si tusi, ni kujulisha tu. Nikamwambia, "Mwalimu, kurasa sitini zinasema mtu si kitendo cha mtu, na wewe wataka mstari wa kwanza useme mimi ni cha yule." Kalamu ikamkaukia mkononi. Akaifunga risala akaiweka kwenye rafu. "Tungoje kidogo," akasema. "Nitatafuta njia."

Tukangoja miezi minane.

Mwezi wa tisa wakaja wageni wake wa Lamu, wenye elimu na majoho, watano. Akawaketisha dakani, kwenye ukumbi wa kuingilia nyumba, nasi wanafunzi tukakaa karibu na mlango, kwenye viatu. Akaitoa risala yangu rafuni. Nikajiambia leo ndiyo siku. Akasoma, "Anasema," akakohoa, akairuka ile nafasi, akaendelea. Akasoma mpaka karibu na magharibi. Sauti yake ile, na maneno yangu. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, na sitakisikia tena. Mkubwa wao alifuta macho kwa kilemba, akasema, "Mwalimu, umetufumbua. Wallahi umetufumbua."

Mwalimu akainua macho akaniangalia, pale kwenye viatu. Nami nikamwangalia. Kisha akayateremsha macho yake kwenye karatasi, akasema, "Alhamdulillahi."

Hilo tu. Alhamdulillahi.

Kesho yake nilikwenda mapema, kabla ya darsa, bila hata kumaliza kumpa mkono. Nikasema, "Jana umeitwa mwenye risala."

"Sikusema ni yangu."

"Hukusema si yako."

Akachukua utete akaanza kuchonga. "Ningewaambia ni ya fundi wa kushona," akasema, "mtoto wa mjakazi wa shambani, wangeinuka kabla sijamaliza mlango wa kwanza. Mimi nimeitafutia masikio. Sasa imesikika. Wataibishania Lamu mwaka mzima. Si ndilo ulilolitaka?"

"Na mimi?"

"Wewe bado kijana."

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nikamwambia anisomee mlango wa tatu, pale penye kunyamaza. Hakusoma. Nikamwambia anirudishie nakala. Akasema ameichukua mpwa wake, yule anayemnakilia vitabu, ili wageni waondoke na nakala mbili. Na mimi sikuwa na nyingine. Mnaelewa? Mbao zote nilikuwa nimeziosha. Kila neno nililowahi kuandika lilikuwa limekwenda na maji ya kisima kama alivyonifunza, na lililobaki lilikuwa mikononi mwa mpwa wake. Baadaye niliiona nakala moja Mombasa, kwa mtu niliyemshonea. Ile nafasi ya shibiri moja imejazwa jina la Mwalimu na babu zake kumi na wawili, wamebanana humo kwa herufi ndogo mpaka wengine wamemwagika pembeni.

Kama mtu ataniambia alikuwa na hoja, nitamwambia ndiyo, alikuwa nayo. Wasingenisikiliza. Najua. Lakini yeye alikuwa mtu wa pekee katika pwani hii ambaye wangemsikiliza akisema "huyu", akinionyesha kwa kidole. Hakuonyesha. Miaka sita alinifundisha niseme ukweli mbele ya anayenipinga, na siku wapinzani wenyewe walipoketi mbele yake kwa majoho yao akaufyata ulimi. Mama alifariki mwaka uliofuata. Aliniuliza mara mbili kama jina lake limeandikwa, na mara zote mbili nikamwambia bado kidogo. Hilo sijamsamehe, na wala sijitafutii sababu za kusamehe. Nikafunga mkasi na sindano, nikahamia Kilifi, karibu na kivuko.

Nilimwona mara moja tena. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, vijana wanakamatwa kupelekwa upagazi na njia zimekuwa tupu. Ilinifikia habari kwamba Mwalimu hajiwezi na ananiulizia. Nilikaa wiki mbili nikisema siendi. Kisha nikaenda, siku mbili kwa miguu, na njia nzima nikiyapanga maneno nitakayomwambia, na yalikuwa maneno makali.

Nilimkuta dakani amelazwa kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia utando. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu," na kabla ya kuitikia marahaba akalitaja jina langu. Yale maneno yangu makali nikayaacha, nikaketi kando yake. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikuzidhani, akamwita mpwa wake. Mpwa akatoka ndani na wanafunzi wanne. Siku hizi yeye ndiye aliyekuwa akisomesha.

"Sikilizeni nyote," Mwalimu akasema, na sauti ilikuwa ile ile. "Ile risala si yangu. Ni ya huyu. Aliiandika yeye kila neno, nami nilinyamaza. Semeni mmesikia."

Mpwa akatabasamu kwa upole. "Naam, Mwalimu. Tumesikia." Akamrekebishia mto. Kisha akaniinamia sikioni, mtu wa adabu, hana ubaya wowote: "Usimtie maanani, bwana fundi. Ni uzee. Juzi alisema hata nyumba hii si yake."

Mwalimu alisikia. Macho yalikuwa yamekufa, masikio yalikuwa mazima. "Nina akili zangu timamu," akasema.

"Unazo, Mwalimu. Unywe kahawa kidogo."

"Andikeni jina lake."

"Tutaandika, inshallah." Na mwanafunzi mmoja, wa nyuma, akaficha kicheko kwenye mkono wa kanzu.

Alijaribu kuinuka. Alitetemeka, kikombe kikamwagika kifuani, wakamfuta, wakamlaza, na kila alipofungua kinywa waliitikia naam. Kila neno la kweli alilolisema liliandikwa kwa jina la uzee. Nilikaa pale nikitazama. Ningeweza kusema, nikawatolea mlango wa tatu wote kwa kichwa, neno kwa neno. Niliyanyamazia. Nataka kusema nilimwonea huruma. Nilikuwa na hasira juu yao, na nilikuwa na hasira juu yake, na chini ya hasira hizo, Mungu anisamehe, palikuwa na kitu kitamu.

Walipoingia ndani akavuta mkono wangu mpaka nikainama. "Wewe waweza kuandika," akasema. "Andika nilivyokufanyia. Yote, usipunguze. Na unitaje. Jina langu kamili na la baba yangu na babu zangu wote, asiwepo wa kusema hakunijua. Ni langu kosa lile. Sina lingine litakalobaki."

"La, Mwalimu," nikamwambia. "Nitaandika, lakini sikutaji."

Akaniomba mara ya pili, kwa sauti ndogo, sauti ya mgonjwa anayeomba maji. Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake, nikatoka mlangoni, nikavaa viatu. Alizikwa kabla sijafika Kilifi. Nimeandika alivyoniomba, kasoro lile moja, na najua vizuri jambo hilo linaitwaje, na kwa nini kumnyima mtu la kwake, hata likiwa baya, ni dhuluma isiyo na udhuru. Hakuna wa kunifundisha. Niliiandika mimi.